Daftari la Dawa la Bwana Semina

Shemeji yake alipomtumia ujumbe aende kumjazia daftari la dawa, Mama Kalamu alikuwa amemngoja miezi kumi na moja. Hakuruka kwa furaha. Alimaliza kwanza kufua, akaanika shuka, akachana nywele, akatia kalamu mbili mkobani, ndipo akaondoka.

Tuseme kabisa huyo shemeji ni nani, maana usipomjua utamhurumia bure. Ni mdogo wa marehemu mume wake, mwenyekiti wa kundi la wakulima wanaotumia mfereji mmoja, na watu humwita Bwana Semina. Jina hilo alilipata aliporudi kutoka semina ya siku tatu kuhusu kilimo na mazingira. Alirudi na kofia, mkoba wa turubai na maneno kama arobaini hivi, na tangu siku hiyo hakuna aliyepumua. Ukimwambia nyanya zako zina madoa, anakujibu bioanuwai. Ukimwambia mfereji umeziba, anakuambia ifanyike kwanza tathmini ya athari kwa mazingira. Aliyatamka akifumba macho kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi, na watu wazima wenye wajukuu wakawa wanatikisa vichwa kukubali kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekielewa. Yeye mwenyewe hakukielewa pia, ila hilo walikuwa hawalijui.

Kaka yake alipofariki, Bwana Semina alikwenda kwa mjane na fomu. Alikwenda mchana, nyumba imetulia, akaketi kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa.

"Hii ni ya kubadilisha jina kwenye kundi, shemeji," alisema. "Jina la kaka litoke, lako liingie. Tia saini hapa chini."

Mama Kalamu si mtu asiyejua kusoma. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko karani yeyote, ndiyo maana akaitwa hivyo. Aliisoma fomu mpaka mwisho. Ilisema kwamba mwenye kibali anaachia kwa hiari mgao wake uelekezwe kwa mtumiaji wa juu, na hatadai fidia. Herufi zote alizijua, lakini maana yake hakuipata. Akauliza, tena kwa aibu, "Haya maneno yanasemaje, shemeji?"

"Ya kitaalamu hayo. Usijisumbue na msiba wako."

Akasaini. Wiki mbili baadaye lango dogo linaloingiza maji shambani kwake likapigwa kufuli. Mgao ni kipimo cha maji ulichoruhusiwa kwenye kibali chako, na mtumiaji wa juu ni yule ambaye shamba lake linafikiwa na mfereji kabla ya lako. Wa juu yake alikuwa mmoja tu, naye ni Bwana Semina. Vitunguu vya mjane vilikauka vikiwa na ukubwa wa kidole gumba, na alipolalamika mkutanoni, mwenyekiti aliinua fomu juu watu wote waione.

"Tazameni saini hii ilivyopinda vizuri," alisema. "Mtu wa mwandiko huu aniambie mimi hakuelewa?"

Watu wakacheka. Wengi wao hawakucheka kwa ubaya, walicheka kwa sababu mwenyekiti kacheka. Lakini Mama Kalamu aliwatazama mmoja mmoja, safu kwa safu, akawaweka kichwani. Hakulia. Alirudi nyumbani, akafunga mlango wa jikoni, akasema peke yake kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nitamvua nguo huyu mbele ya hawa hawa."

Kuanzia hapo kila Alhamisi akawa anakwenda ofisini kwa bibi shamba, afisa kilimo wa eneo lile. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja, meza ambayo mguu wake mmoja umewekewa tofali, na picha za wadudu waharibifu ukutani. Bibi shamba alikuwa msichana ambaye Mama Kalamu angeweza kumzaa, mtafuna karanga asiyepumzika. Alimpa kitabu cha kanuni za maji, mazingira na viuatilifu, kurasa mia na arobaini.

"Anzia ukurasa wa tatu, mama, kwenye tafsiri za maneno," alimwambia. "Wote wanauruka, kisha wanakuja hapa kulia."

"Ukanda wa kinga?" Mama Kalamu aliuliza, kidole juu ya mstari.

"Ile ardhi kati ya shamba na maji. Hulimi pale, hupulizii dawa, huoshi kitu. Unaacha nyasi zichuje uchafu kabla haujafika mtoni."

"Uchafuzi usio na chanzo kimoja?"

"Huo ndio mbaya. Kila shamba linatoa kidogo, mvua inakusanya, mto unakufa. Ukiuliza ni nani, kila mtu anamtazama mwenzake."

"Kipindi cha kusubiri?"

"Siku zinazotakiwa kupita tangu umepulizia dawa mpaka uvune, ili masalia ya dawa kwenye zao yapungue, mlaji asidhurike. Imeandikwa kwenye kibandiko cha kila chupa. Ile yenu ya nyanya, ya kifuniko chekundu, ni siku saba."

Aliyarudia akifagia, aliyarudia akiosha vyombo. Wako wanaosoma kwa kupenda elimu. Yeye alisoma kwa chuki, na sitamsingizia jingine. Kufika mwezi wake wa sita wa kusoma alikuwa anakijua kitabu kuliko bibi shamba, na ndani yake alikuwa amekipata alichokitafuta: mwenye kibali akipatikana na kosa kubwa, mgao wowote aliouongezewa unarudi kwa yule aliyeuachia, mradi huyo ameomba kwa maandishi na mwenyewe hana doa. Siku hiyohiyo aliandika ombi, akalitia kwenye bahasha, akaiweka chini ya godoro.

Sasa hili daftari la dawa. Kanuni inamtaka kila mkulima aandike palepale anapopulizia: dawa gani, kiasi gani, amevuna lini. Katika kundi lile hakuna aliyewahi kuandika palepale. Daftari hulala kabatini msimu mzima likiwa jeupe, na mkaguzi akitangazwa kuja kesho, leo yake unaandikwa msimu wote kwa mkupuo mmoja. Kazi hiyo ilikuwa ya Mama Kalamu, na jina lake lilikuwa kwenye jalada la kila daftari kama mtunza kumbukumbu. Alikuwa akibadilisha kalamu kila kurasa mbili, akikunja pembe, akipitisha kidole chenye udongo hapa na pale, mpaka daftari la saa mbili linaonekana limezungushwa shambani miezi minne. Tarehe, hata hivyo, zilikuwa zikipangwa na marehemu mume wake, aliyekuwa na subira ya kusoma vibandiko. Bwana Semina hakuwahi kujua kwamba tarehe zinapangwa. Alichojua ni kwamba daftari linajazwa, mkaguzi anatia muhuri, maisha yanaendelea.

Siku hiyo, Jumanne, alimkuta shemeji yake amekaa barazani na soda. Uani vibarua walikuwa wanapakia kreti za nyanya kwenye lori.

"Karibu shemeji. Mwaka huu nataka daftari lijae hasa," alisema Bwana Semina. "Mkaguzi ni mpya, nasikia mkali. Nataka aone uendelevu."

"Tarehe utanitajia mwenyewe?"

"Nani mwingine? Kaka si ametutoka."

Akaanza kutaja, na alitaja kweli tupu, maana hakujua kama kuna cha kuficha. Jumatatu dawa, Jumanne kuvuna. Wiki iliyofuata hivyohivyo, na iliyofuata tena. Mabomba ya kupulizia yameoshwa mferejini, maji yanapita, usafi wa hali ya juu.

"Niandike hivyo unavyosema, au nipange?" Mama Kalamu aliuliza.

"Hivyo ninavyosema. Waone tunavyochapa kazi, sisi si watu wa kulaza damu. Na ya wiki hii usiisahau. Jana tumepulizia, leo si unaona tunapakia?"

Upande wa kulia wa ukurasa kulikuwa na safu nyembamba. Mama Kalamu aliishusha kalamu pale taratibu. "Na hapa kwenye kipindi cha kusubiri?"

Bwana Semina akafumba macho kidogo. Hapo angeuliza tu, angesema shemeji hebu nifahamishe, nadhani mjane angemwambia. Nadhani, sina hakika. Lakini mtu aliyewajibu wenzake kila swali kwa miaka mitatu ataanzia wapi kuuliza, tena kumuuliza mke wa kaka yake?

"Siku moja," alisema. "Andika siku moja, kila mstari."

Akaandika siku moja, kila mstari, kwa mwandiko safi ambao ungesomeka ng'ambo ya barabara. Pembe za kurasa hakuzikunja, udongo hakupaka. 

Wakati anafunika kalamu, mama mkwe wake akatoka ndani na beseni la nyanya alizochagua mwenyewe kutoka kwenye kreti. Bibi huyo anaishi kwa mwanawe mdogo, lakini mkwe wake huyu alimpenda kuliko wote, na hakuficha.

"Chukua chache ukale, mwanangu. Nyingine nimezibakiza, nitatafuna na chumvi jioni."

"Nipe zote, mama."

"Zote?"

"Zote. Nimezitamani."

Bwana Semina akacheka mpaka soda ikampalia. "Mpe, mama, mpe. Ujane una njaa yake."

Alilibeba beseni mpaka kwake, akachimba shimo nyuma ya choo na kuzifukia zote. Alipokuwa anasawazisha udongo alisikia lori likiwashwa. Zilikuwa kreti sitini, zimepuliziwa jana, zinakwenda sokoni. Jina lake lilikuwa kwenye jalada, na kanuni ilisema wazi: mtunza kumbukumbu akijua kosa, analisema kabla zao halijaondoka shambani. Lori lilipita mbele ya uzio wake polepole, dereva akampungia mkono. Angeweza kulisimamisha kwa kuinua mkono tu. Lakini kulisimamisha kulikuwa ni kumshtua mtu wake, naye angelichana daftari usiku huohuo na kuandika jingine. Akajiambia kesho mkaguzi atalikomesha jambo lote. Akajiambia watu huosha nyanya. Kisha akakumbuka vile vicheko vya mkutanoni, naye akampungia dereva mkono.

Mkaguzi alifika Jumatano asubuhi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani na viatu vya mpira vilivyokwisha kuona matope mengi. Wakulima wote walikaa kwenye stoo ya kundi, juu ya magunia na ndoo zilizopinduliwa, na bibi shamba akasimama mlangoni na karanga zake. Mkaguzi alilifungua daftari la mwenyekiti, akasoma ukurasa, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Mwenyekiti," alisema, "nieleze kipindi cha kusubiri ni nini."

Bwana Semina alisimama akanyoosha shati. "Ni kile kipindi, mheshimiwa, cha uendelevu."

"Kusubiri nini?"

"Kusubiri... athari."

"Athari za nini?"

"Za mazingira kwa ujumla wake."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kwa namna isiyokuwa kikohozi.

"Na ukanda wa kinga je? Maana naona mabomba unaoshea mferejini."

"Ukanda huo ni wa..." Jasho lilikuwa limeanza kumtoka chini ya kofia. "Ni wa bioanuwai."

"Uko wapi hapa kwako? Nionyeshe."

Alinyoosha mkono kuelekea dirishani, mkono ukaenda kushoto, ukarudi kulia, ukashuka. Hapo stoo nzima ikapasuka kwa vicheko. Walicheka walewale, safu zilezile, mzee mmoja mlima bamia akijifuta machozi kwa kofia, na Mama Kalamu alikaa juu ya ndoo yake akila kicheko kile kama mtu aliyeshinda na njaa. Alitaka kisikome. Alitaka shemeji yake aulizwe maneno yote arobaini, moja baada ya jingine, mpaka jua litue.

"Makosa makubwa kumi na mawili," mkaguzi alisema, "kwa maelezo yako mwenyewe. Kibali kinasimamishwa, na mgao ulioongezewa unarudi kwa aliyeuachia. Kuna ombi?"

Mama Kalamu akatoa bahasha, akaipeleka mezani kwa mikono miwili. Mkaguzi alilisoma ombi, akalitazama jalada la daftari, akavua miwani.

"Ombi ni lako, na mtunza kumbukumbu ni wewe pia?"

"Ni mimi."

"Basi nakuuliza kwa utaratibu tu. Wakati unaandika haya, ulikuwa unajua maana ya kipindi cha kusubiri?"

Bibi shamba akaacha kutafuna. Alimtazama Mama Kalamu, akatikisa kichwa kidogo sana: kataa. Hakuna aliyekuwa na ushahidi. Neno moja tu, sikujua, na Ijumaa maji yangekuwa shambani kwake.

Na kabla hajasema lolote, aliyemtetea alikuwa Bwana Semina. "Mwacheni huyo, mheshimiwa. Hajui kitu. Anaandika anachoambiwa. Yeye na maneno ya kitaalamu wapi na wapi?"

Wachache wakacheka, kwa mazoea tu. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Mtu mwenye akili zake angenyamaza, akameza na kwenda kunywesha vitunguu. Lakini alikuwa amenyamaza miezi kumi na moja, na kumezea tena kulimshinda.

"Najua," alisema Mama Kalamu. Akasimama. "Ni idadi ya siku zinazotakiwa kupita tangu kiuatilifu kilipotumika mpaka zao livunwe, ili masalia yashuke mpaka kiwango kisichomdhuru mlaji. Kwa dawa yake ni siku saba. Mgao naujua. Mtumiaji wa juu namjua, yule pale. Nayajua yote, mheshimiwa, ukurasa wa tatu mpaka wa tisa, na nilikuwa nayajua jana nilipomuuliza akanijibu siku moja."

Hayo yote aliyasema akimtazama shemeji yake usoni. Aliona mdomo ukifunguka. Aliona habari inamfika polepole, kwanza lile swali la barazani, kisha safu nzima ya siku moja, siku moja, kisha zile Alhamisi zote alizomwona akipita na kitabu kwapani asimuulize anakwenda wapi. Bwana Semina alikaa chini bila kutazama kama ndoo ipo. Na ilikuwa tamu. Kama kuna mtu atakayewaambia kwamba kisasi hakina utamu, basi huyo hajawahi kukipata.

"Na mzigo wa jana uliuona ukiondoka?" mkaguzi aliuliza.

"Niliuona."

"Hukusema."

"Sikusema."

Mkaguzi akavaa miwani yake, akaandika mistari miwili chini ya ombi na kulisukuma kando. Mwombaji alikuwa na doa. Malango yote mawili, la juu na la chini, yatafungwa kwa lakiri, muhuri wa serikali usioruhusiwa kuvunjwa, mpaka msimu ujao, na maji yaachwe yaende mtoni. Mzigo wa jana utafuatiliwa, alisema, lakini alilisema kama mtu anayejua nyanya hazikai sokoni.

Nje, Bwana Semina alimngoja njiani. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Ungenyamaza tu, shemeji. Maji yangekuwa yako."

"Najua."

"Sasa umepata nini?"

"Wewe," alimjibu, akampita.

Alikwenda kwake kifua mbele na usiku ule akalala fofofo. Kesho yake jina la Bwana Semina lilikuwa limekwisha kufa. Njia nzima watu walikuwa wanamwita Siku Moja, mpaka watoto, mpaka mke wake mara moja kwa bahati mbaya, na Mama Kalamu kila akilisikia alipunguza mwendo alisikie vizuri. Shamba lake lilikuwa kavu kama lilivyokuwa. Alilipita bila kulitazama. Siku sita alizikaa hivyo, ameshiba.

Jumanne lori likaja. Hakuna aliyekumbuka kumpa dereva habari, na geti la uani kwa Siku Moja lilikuwa limefungwa, kwa hiyo akasimama kwenye uzio wa Mama Kalamu, mkono nje ya dirisha.

"Mama, hawa leo hawana mzigo?"

"Hawana."

"Hasara hiyo. Zile za wiki jana zilikwisha kabla ya saa nne, watu wakawa wananiuliza mimi. Mwenyewe nilimpelekea mke wangu ndoo nzima. Mjamzito yule, hataki chakula, ni nyanya mbichi tu asubuhi na jioni."

Mama Kalamu alikuwa na fagio mkononi. Aliliegemeza kwenye uzio, likaanguka, hakuliokota.

"Anaendeleaje?"

"Nani?"

"Mkeo."

"Yupo. Tumbo linamkata tangu juzi na anatapika, lakini si ndiyo hali yenyewe." Dereva alicheka. "Wanawake mnajua zaidi."

"Mpeleke hospitali."

"Nitampeleka mwisho wa mwezi, ana kliniki..."

"Mpeleke leo. Geuza gari sasa hivi uende."

Kicheko kilimtoka dereva usoni. Alimtazama mama huyu wa watu aliyempungia mkono wiki iliyopita, akazima injini, akafungua mlango na kushuka.

"Mama," alisema, "wewe umejuaje?"